Shajara ya mipini: mninga, mpingo, pembe, kongoro na kanga kwenye visu vya kukunja

14 Aprili 2024, Feri

Kilichonianzishia hii kazi ni samaki. Nilikuwa Feri, soko la samaki hapa Dar, asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha, nimenunua jodari mdogo nikataka nimkate mkia pale pale aingie kwenye mfuko. Natoa kisu changu cha kukunja, natia ukucha kwenye kile kijifereji cha bapa, navuta, wapi. Navuta tena, ukucha ukapinda. Mama mmoja anauza pweza pembeni akanionea huruma akanipa cha kwake cha mpini wa plastiki, cha buku mbili, "Chukua hiki baba, hicho chako kaweke kabatini kwenye glasi."

Kisu chenyewe kizuri tu, niliachiwa zawadi. Mpini wake ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa mfereji katikati, bapa likikunjwa linalala humo. Sasa mti ukinywa unyevu unavimba, mfereji unabana bapa kama mlango wa bafuni wakati wa masika. Nyumbani nilikiweka juu ya friji siku mbili ndo kikafunguka.

Hapo nikajiuliza, kwa hali ya hewa ya Dar hii, jasho, chumvi, joto la gari, mpini wa kisu cha kukunja utengenezwe na nini? Naandika hapa kila hatua na kila shilingi, anayetaka kurudia asirudie makosa yangu.

20 Aprili 2024, manunuzi

Nimenunua visu sita vya aina moja Kariakoo, bapa sentimita 8, vina mabati mawili ya chuma ndani na loki ya bati linalopinda, halafu juu ya mabati kuna vipande viwili vya plastiki vimefungwa kwa skrubu tatu tatu. Hivyo vipande mimi naviita mashavu, mtanielewa huko mbele. Muuzaji alianza na 15,000 nikamshusha hadi 13,000 kwa sababu nachukua sita, jumla 78,000. Kimoja loki haikamati vizuri, nikarudisha nikaambiwa mali ikishatoka dukani hairudi, basi hicho kikawa cha spea na majaribio.

Skrubu zake ni za nyota ndogo, saizi T6, bisibisi za kawaida haziingii. Usijaribu kulazimisha na bisibisi bapa, nimeharibu kichwa cha skrubu moja hivo hivo. Bisibisi 7,000. Kalipa ya kidijitali (kipimo cha unene) 25,000, hii usiibanie hela, bila kipimo utabaki kubishana na macho yako. Mashavu ya plastiki yana unene wa milimita 3.8, jozi ina gramu 16.

27 Aprili 2024, mninga

Nimeenda Keko kwenye karakana za fenicha, nikapewa kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda, buku mbili ya soda. Umeshakauka, umekaa karakanani muda mrefu. Nikaupasua kwa msumeno, nikaupiga msasa hadi milimita 4, nikachora, nikakata, nikapaka mafuta ya kitani (kopo 9,000, litatumika kote) mara tatu. Nusu siku imeisha. Gramu 11 jozi nzima, mwepesi kuliko plastiki ya kiwandani.

Kosa lililotokea ni kwenye matundu. Nilipima nikatoboa kwa macho, tundu la tatu likakataa kuoana na bati kwa karibu milimita moja. Jozi ya kwanza nikatupa. Njia iliyokubali: bandika ubao wako kwenye bati lenyewe kwa gundi ya utepe ya pande mbili, halafu toboa kutokea upande wa bati, bati ndo liwe kiongozi wa kekee. Matundu kwanza, umbo baadaye. Ukianza na umbo utalia.

5 Mei 2024, mpingo, sehemu ya kuzingua

Jana kimbunga Hidaya kilikuwa pwani, sikutoka, nimeshinda ndani napiga msasa mpingo. Wiki iliyopita nilikuwa Mwenge kwa wachonga vinyago, kuna mzee mmoja nimezoeana naye. Nikamwamkia, shikamoo babu, marahaba mjukuu, nikamweleza shida. Akanipa kipande cheusi tii chenye ukingo mweupe pembeni, 10,000, akaniambia, "Huu bado mbichi huu. Uache ukae." Nikasema sawa babu. Nikaondoka nikaukata siku ile ile.

Kuukata tu ni habari. Mpingo ukiutupa kwenye ndoo ya maji unazama, ni ule ule wanaotengenezea filimbi za klarineti huko Ulaya, msumeno wangu wa mkono ulichemka nikahisi harufu. Ila ukifika msasa namba 800 unang'aa wenyewe bila vanishi, ni kama kioo cheusi. Nilijisifu sana jana.

Nyongeza, 14 Mei: umepasuka. Ufa umeanzia kwenye tundu la skrubu la nyuma umekimbia hadi mwisho wa shavu. Nikajaza gundi ya sekunde na unga wa mpingo, ukaonekana mzima siku mbili, siku ya tatu ufa ukafunguka tena pembeni ya gundi. Sababu ziko mbili. Ya kwanza mti ulikuwa bado unakauka na kusinyaa na skrubu imeushika hausogei, lazima upasuke. Ya pili mpingo una mafuta yake ndani, gundi haishiki kama hujaufuta na asetoni kwanza.

Na jambo lingine sikulitegemea, vumbi. Siku ile napiga msasa bila kitu usoni, usiku nikapenga kamasi jeusi, macho mekundu, shingoni vipele. Nikanunua maski ya maana ya kichujio, 35,000. Iliniuma, lakini pembe na mfupa vinakuja na hivyo vumbi lake nalo si la kuchezea.

8 Juni 2024, mpingo tena

Nimerudi kwa mzee kichwa chini. Hakunicheka, alienda nyuma akaja na mguu wa kinyago kilichovunjika, umekaa kivulini kwake miaka. 8,000. Safari hii nimeupasua vipande vya milimita 6, nikapaka nta ya mshumaa kwenye vichwa maana maji yanatoka haraka zaidi kule mwisho na ndo kunakopasuka, nikawa napima kwenye mizani ya jikoni kila Jumamosi. Wiki ya kwanza umepungua gramu moja, ya pili na ya tatu haujapungua kitu. Ukishaacha kupungua uzito maana yake umelingana na hewa ya hapa, hapo ndo kata.

Matundu ya skrubu nimeyaongeza upana kidogo kuliko skrubu, kama robo milimita, mti ukitaka kusogea usogee. Gramu 22. Hadi leo hauna ufa.

Kwa mnaofikiria kuuza nje ya nchi: mpingo ni jamii ya Dalbergia, na tangu Januari 2017 karibu jamii yote hiyo iko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Vitu vidogo vilivyokamilika vina nafuu yake ila uliza watu wa misitu kabla hujatuma.

22 Juni 2024, pembe

Pembe nimenunua machinjio ya Vingunguti, nne kwa 4,000. Ambacho sikukijua ni kwamba ndani ya pembe ya ng'ombe kuna kiini cha mfupa kimejaa nusu ya pembe, na kati ya mfupa na pembe kuna kinyama, na hicho kinyama kikikaa siku mbili kwenye joto la Dar mtaa mzima utajua. Nikachemsha kwenye debe uani saa mbili nzima, viini vikachomoka kwa kugonga ukutani. Jirani akachungulia juu ya ukuta akaniuliza, "Jirani, mganga kahamia kwako au ni supu?"

Shida ya pembe ni kwamba imepinda kila upande na wewe unataka kitu bapa. Nimejaribu njia tatu.

Ya kwanza, moto wa gesi moja kwa moja, niliona mtu anafanya. Ikatoa malengelenge, ikageuka nyeupe, ikaanza kuachana matabaka kama kitunguu. Harufu ni ya nywele kuungua, kwa sababu pembe ni kitu kile kile cha nywele na kucha. Pembe moja imekwenda.

Ya pili, nikaichemsha nusu saa ikalainika kama soli ya ndala, nikaibana kwenye jiliwa kati ya vyuma viwili bapa, kesho yake nikafungua. Ilikuwa imenyooka. Jioni imerudi nusu ya kupinda kwake. Ilikuwa bado na maji ndani, yakitoka inakumbuka ilikotoka.

Ya tatu ni hiyo hiyo ya pili ila nikaiacha kwenye jiliwa wiki tatu, jiliwa sikulitumia kwa kazi nyingine, nikawa nakaza robo mzunguko kila baada ya siku mbili. Hiyo imekubali. Ukishaipiga msasa hadi 1000 ukaielekezea jua unaona kama chai ya rangi kwenye glasi, na michirizi ya moshi ndani. Kwa uzuri hakuna kitu kwenye hii orodha kinachoifikia, nasema ukweli. Gramu 23.

13 Julai 2024, mfupa wa kongoro

Mfupa nimeupata bure, nilikunywa supu ya makongoro ya 3,000 nikaomba mfupa. Wa mguu ni mnene na una upande ulionyooka wa kutosha shavu moja, ukipata miguu miwili una jozi.

Nikadhani nisafishe mafuta haraka, nikauweka kwenye presha kuka saa tatu. Ukatoka mweupe kama chaki, na kumbe umekuwa chaki kweli, kekee ilipogusa tundu la pili ukavunjika vipande vitatu. Joto kali la muda mrefu linatoa ile protini inayoushikilia mfupa. Wa pili nikauacha ukachemkia moto mdogo na sabuni ya unga, kububujika kidogo tu, nikabadilisha maji mara tatu, halafu nikauloweka siku mbili kwenye haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kidonda inayotoa povu, chupa kadhaa za duka la dawa jumla 3,000. Ukatoka rangi ya maziwa. Gramu 34, mzito kuliko vyote, kisu kinavuta mfuko upande mmoja.

Vumbi la mfupa maski lazima na fanyia nje. Nimeshasema.

10 Agosti 2024, kanga, mara ya kwanza na ya pili

Hii ndo niliyoisubiri. Kuna kitu kinaitwa Micarta, ni jina lililoanzia kampuni ya Westinghouse ya Marekani mwaka 1910 hivi, walikuwa wanatengeneza vihami vya umeme kwa kushindilia karatasi au kitambaa na rezini (gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu), watengeneza visu wakaipenda. Mabao yake hapa sijaona yanauzwa, lakini kitambaa kipo na rezini ipo kwa wanaotengeneza boti na matangi. Nikasema nitatumia kanga.

Jaribio la kwanza, rezini ya poliesta kwa fundi wa matangi, lita moja na kile kichupa cha kukausha, 18,000. Nikakata kanga vipande 22, nikachanganya rezini kwenye kopo la maziwa, na kwa sababu nilikuwa na haraka nikamimina kikaushio kwa kukadiria. Nikiwa kwenye kipande cha nane kopo likaanza kuwa la moto, halafu likafuka moshi, nikalitupa uani likapasuka katikati lenyewe kwa joto. Kikaushio kikizidi rezini inajipika. Na harufu yake ilikaa sebuleni hadi Jumatatu, ni harufu ya Bajaji mpya ukizidisha mara kumi.

Jaribio la pili nikahamia epoksi, kopo mbili za kilo moja kwa jumla, 48,000, ghali lakini haina ile harufu. Hapa pima kwa mizani kama kopo linavyosema, epoksi haikaushwi haraka kwa kuzidisha upande mmoja, ukikosea inabaki kama ubani haikauki milele. Nikapaka, nikapanga, nikafunika nailoni juu na chini, nikabana na mbao mbili na klampu sita (5,000 moja, 30,000). Na kwa hasira za ile ya kwanza nikakaza hadi mwisho. Kesho yake nimepata ubao mzuri, nikaweka msumeno, ukaachana katikati kama daftari. Nilikuwa nimekamua rezini yote nje, ndani kitambaa kikavu.

Halafu tatizo lingine, kanga niliyotumia haikuwa pamba. Choma uzi mmoja kwa kiberiti kabla hujaanza: pamba inaacha majivu, nailoni na jamaa zake zinayeyuka zinakuwa kishanga kigumu. Yangu ilitoa kishanga. Kitambaa cha namna hiyo hakinywi rezini vizuri.

17 Agosti 2024, kanga ya tatu

Nikatafuta kanga ya pamba kwenye lile furushi la matambara. Ipo moja nzee, laini, nyekundu na nyeusi, imeandikwa WEMA HAUOZI. Nikachoma uzi, majivu. Nikakata.

Safari hii kila kipande nimekilaza peke yake kwenye nailoni nikakilowesha hadi kikabadilika rangi chote, ndipo nikapanga. Vipande 21. Kwenye klampu nikakaza pole pole hadi rezini ikaanza kutoa machozi pembeni, nikaacha hapo hapo. Masaa 24. Msumeno umepita kama kwenye mti mgumu, hakuna kilichoachana, unene milimita 4.1.

Raha yake iko kwenye kuzungusha kingo. Ukilaza tupa pembeni, matabaka yanafunguka moja moja, nyekundu, nyeusi, nyekundu, kama ramani ya mlima. Yale maandishi niliyaweka tabaka la juu kabisa nikiamini yatabaki yote, msasa wa kwanza tu ukala WEMA, nikashtuka nikaacha, sasa kwenye shavu moja limebaki OZI. Tabaka moja halifiki robo milimita, ukitaka maandishi yabaki paka rezini ya ziada juu na usiguse.

Jioni mke wangu ananiuliza, "Baba Nuru, ile kanga niliyopewa na mama iko wapi?" Kumbe halikuwa furushi la matambara. Doti mpya 15,000, naiandika kwenye gharama za mradi kwa sababu ni gharama za mradi. Ile nyingine hailipiki, kisu cha OZI siku hizi kinakaa kwenye droo yake na kinafungulia bahasha.

21 Septemba 2024, maji

Mashavu yote ndani ya ndoo ya maji ya bahari masaa 24, nimepima unene kabla na baada.

Pembe ilitoka 4.05 ikaenda 4.30 na ikajikunja, ukiiweka mezani inabembea kama kiti kibovu. Mninga 4.02 hadi 4.10, ukikauka umerudi. Mpingo umeongezeka 0.03 tu. Mfupa na kanga 0.01, yaani hata sijui kama ni kalipa au mkono wangu. Nilitengeneza pia jozi ya vifuniko vya chupa vya plastiki nilivyoyeyusha, haikunywa hata tone, lakini ilisinyaa ilipopoa ikapinda na inateleza kama sabuni, nimeachana nayo.

Halafu nikavifunga vyote kwenye visu vikiwa bado vimevimba, nikafungua na kufunga. Vyote vinafunguka. Hata cha pembe! Nikakaa kwenye ngazi nacheka peke yangu. Miezi mitano natafuta mpini usiovimba, na hivi visu vina mabati ya chuma ndani, nafasi ya bapa imeshikwa na chuma na sio mti, shavu likivimba linavimbia nje. Kisu changu cha Feri kiligoma kwa sababu mfereji wake ni mti mtupu. Ningenunua kisu chenye bati ndani tangu siku ya kwanza shida ile isingekuwepo, hata mpini ningeweka wa muhogo.

Kwa hiyo swali limebadilika. Kwenye kisu cha bati mpini unaamua mambo mengine: hautapasuka? hautaachana na bati mchanga ukaingia? unashikika ukiwa na mkono wa samaki? unavumilia jua? Pembe imefeli kwenye la pili, ikijikunja inaacha mwanya unaoingiza kucha. Kisu cha kwanza cha askari wa Uswisi, modeli ya 1890, kilikuwa cha mpini wa mti wakaja kuuacha wakahamia faiba, na vingi vya Victorinox vya leo ni plastiki ya Cellidor au alumini. Sasa naelewa kidogo.

20 Oktoba 2024, dashibodi

Visu vitano juu ya dashibodi, gari juani saa sita hadi saa tisa, kipimajoto kimefika 68.

Mninga na mpingo hawakushtuka. Pembe imerudi kupinda upande wa pili, simzungumzii tena. Mfupa umetoa jasho, madoa ya njano ya mafuta yamepanda juu, yaani siku zote zile za sabuni bado kulikuwa na supu ndani. Nimeurudisha kwenye maji ya sabuni ya vuguvugu siku nne, madoa yamepungua hayajaisha.

Kanga ndo imeniumiza. Imekuwa laini, ukucha unaacha alama, na mwisho wa shavu umeinuka milimita moja kutoka kwenye bati. Epoksi inayokauka kwa joto la kawaida haivumilii joto kubwa, Micarta ya kiwandani inashindiliwa na rezini nyingine kwa joto kabisa ndo maana hailainiki.

Dawa yake: nimebana mashavu kati ya vyuma viwili, nikayazika kwenye debe la mchanga juu ya jiko la mkaa, kipimajoto ndani, nikapandisha taratibu 50, 60, 70, hadi 80, kila hatua kama saa moja, halafu nikaacha yapoe humo humo usiku kucha bila kufungua klampu. Usiruke hatua, ukiipeleka 80 mara moja inalainika kabla haijaiva. Jumapili iliyofuata nikarudisha kwenye dashibodi, imekaa. Rangi nyekundu imekuwa ya kahawia kidogo, mimi naipenda hivo.

2 Novemba 2024, mkono wa samaki

Nimeparua samaki, changu na tasi, kilo mbili nikibadilisha visu. Mpingo uliong'arishwa unateleza mkononi kama samaki mwenyewe, ni hatari, nikaurudisha msasa 320, umepoteza kioo ila unashikika. Mfupa hivo hivo. Kanga niliiacha kwenye 220, ikilowa inashika zaidi kuliko ikiwa kavu, hii sijaiona kwenye kingine. Mninga mzuri, umekunywa harufu tu, limau na chumvi vikaitoa.

6 Aprili 2025, masika yamerudi

Mwaka mmoja. Gharama yote 309,000, humo visu 78,000, msasa wa karatasi wa namba zote 14,000, mengine nimeshayataja huko juu. Ukirudia bila makosa yangu na ukaacha pembe na ile rezini ya matangi, na una klampu zako, unaweza kuokoa kama robo.

Ninachobeba kila siku ni kanga ya pili, niliyoitengeneza Desemba kwa jinzi ya mtumba badala ya kanga, matabaka sita tu maana jinzi ni nene. Mpingo ni wa Jumapili. Pembe iko kabatini kwenye glasi kama nilivyoshauriwa.

Kile cha zamani nacho nimekishughulikia. Nilifunga msasa 120 kwenye rula ya chuma nikaupitisha ndani ya mfereji, nikaupanua kama 0.3 kila upande, halafu nikazamisha kile kichwa chenye pini kwenye mafuta ya kitani usiku mzima, nikafuta, nikaacha wiki. Jana mvua imenyesha usiku kucha, leo asubuhi nimekwenda nacho Feri, jodari, ukucha, kimefunguka.

Yule mama wa pweza alikuwepo. Akaniangalia, akaangalia kisu, akaniuliza, "Na changu je baba?" Nilikuwa nimeondoka nacho siku ile, mwaka mzima kiko kwenye droo ya spana. Nimemwachia cha mninga.